Mbuzi Aliyevaa Kanga ya Bibi Saumu

Katika kijiji cha Kwemkole, pale mashamba ya mkonge yanapoishia na vichaka vya mpakani kuanza, walikuwepo watumishi watatu wa serikali wasio na mshahara wala likizo, ambao hawajapata kugoma hata siku moja. Majina yao yalikuwa Afisa, Karani na Tarishi. Wote walikuwa mbuzi.

Kazi waliyoajiriwa ilikuwa moja tu: kuugua kabla ya wengine. Mbuzi wote wa kijiji walikuwa wamechanjwa sotoka, ugonjwa usiomdhuru binadamu lakini ukiingia zizini hutoka na zizi zima. Hawa watatu peke yao waliachwa bila chanjo, kwa makusudi. Sotoka ikivuka mpaka, nayo haina desturi ya kupita kituo cha mpakani cha Horohoro kugongewa muhuri, itawashika wao kwanza. Kila baada ya muda Dokta Samira, daktari wa mifugo wa wilaya, alikuja na sindano akawatoa damu, na damu ikasema yale ambayo macho ya mtu yangeyaona baada ya mizoga.

Mlezi wa watumishi hao alikuwa Idarusi, kijana wa Kizigua mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko shamba lake. Alipewa masharti, akayakariri kama dua ya kulalia: wasichanjwe, wasiuzwe, wasiliwe, wasiondoke. Malipo yake yalikuwa heshima. Watu walimwita Bwana Mkubwa wa Mbuzi, naye akaitika bila kuchunguza kama wanamcheka.

Lakini heshima haioi. Aliyetaka kuolewa na Idarusi, na ambaye Idarusi alitaka kumwoa kiasi cha kusahau chumvi kwenye mboga, alikuwa Wanu, fundi cherehani wa mtaa wa Mabawa, mjini, anayeishi huko kwa shangazi yake. Baba yake Wanu, Mzee Mbarouk, alikuwa mkulima wa karafuu Pemba, mtu mpole mwenye sharti moja. Mbuzi wa walima, yaani karamu ya harusi, watoke kwa bwana harusi. Wawe wazima, na washuke bandarini kwa miguu yao wenyewe mchana, watu wakitazama. Jirani yake, Yussuf, alifanyiwa hivyo na mkwe wake, na Mzee Mbarouk hakuwa tayari kuishi upande wa pili wa ukuta na aibu.

"Mie sitaki dhahabu," alimwambia Idarusi kwenye simu. "Wataka mtoto wangu, n'letee mbuzi. Huna mbuzi, basi una haraka ya nini?"

Harusi ikapangwa. Ndipo bibi yake Idarusi akafariki.

Bibi Saumu aliondoka vizuri, mwenye umri mrefu na tambuu mdomoni. Alizikwa siku ile ile, na kesho yake asubuhi watani wakaja.

Yafaa ieleweke kwamba msiba wa Wazigua usio na watani ni mkutano tu wa watu wenye huzuni. Watani wa Kwemkole walikuwa Wanyamwezi wa kambi ya mkonge, wajukuu wa wale waliokuja zamani kukata majani na hawakurudi kwao. Mtani huja matangani kutukana waliofiwa, kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza anavyotembea na anavyokohoa, na kuteka mali ya wafiwa mpaka wamkomboe. Aliyefiwa hana ruhusa ya kununa. Hawezi kukataa, na wala hawezi kushtaki. Mtani hashtakiwi. Hiyo ni sheria ambayo haijaandikwa popote, ndiyo maana haijavunjwa.

Mbele yao alikuja Ernesti, dereva wa trekta, amejifunga kibwebwe.

"Wazigua mmekwisha!" alipiga kelele tangu barabarani. "Aliyekuwa na akili kijijini kwenu alikuwa Bibi Saumu peke yake, na mmemfukia! Sasa nani atawahesabia vidole?"

"Kaa chini ule, mtumwa wangu," alijibu Idarusi, kwa sauti iliyochoka kulia. "Wali umepoa ukikungoja."

"Sili kwa watu wasiojua kumtunza mzee. Bibi yuko wapi?"

"Amezikwa, Ernesti."

"Nani kasema? Mimi nimemwona hapo nje anatafuna."

Akatoka, akaingia bandani, akarudi na Afisa. Alikuwa amemfunika kanga ya marehemu, ile ya rangi ya zambarau iliyoandikwa SINA MUDA WA MANENO, amemzungushia kichwani na kumfunga chini ya kidevu hivi kwamba masikio, pamoja na hereni ya njano ya serikali, yalipotea kabisa. Afisa alitazama waombolezaji mmoja mmoja. Kisha akatafuna, taya likienda kushoto, likirudi kulia, pole pole na kwa dharau, sawasawa kabisa na Bibi Saumu na tambuu yake.

Jamvi la wanawake likapasuka. Shangazi mmoja alicheka mpaka akalia upya, na kilio cha pili kikawa na nguvu kuliko cha kwanza. Ndiyo kazi ya watani hiyo, na Ernesti aliijua kazi yake.

"Bibi tunakwenda naye kambini," alitangaza. "Mtamkomboa siku ya arobaini. Mkimtaka kabla, semeni hadharani kwamba msiba umewashinda."

Idarusi alimfuata mpaka uani, akamshika mkono.

"Mtani, chukua mwingine. Huyo ni wa serikali."

"Kwani serikali haikumjua Bibi?"

"Ernesti, sikiliza, nina dhamana."

"Serikali nayo imefiwa, basi na iinue mikono."

Watu walikuwa wanatazama. Mzigua anayemnyima mtani mateka ya matanga hutajwa mpaka kwenye harusi ya mjukuu wake, na Idarusi alikuwa hajapata hata mke. Aliachia mkono. Afisa akaondoka kwenda kambini kwa mwendo wa heshima, kanga ikiburuza vumbi.

Wiki hiyo Dokta Samira alipiga simu.

"Pole na msiba, Idarusi. Mbuzi wangu?"

"Wapo, Daktari."

Jambo ambalo lilikuwa kweli. Kila mbuzi yupo mahali.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, watani walimrudisha Afisa. Idarusi alimkomboa kwa jogoo mmoja na kwa kumbeba Ernesti mgongoni kuzunguka uwanja mzima, huku Ernesti akimpiga makofi ya kiunoni na kumwita punda wa Handeni. Mbuzi alikuwa amenona, manyoya yanang'aa. Mateka wa utani hurudishwa ameshiba. Kumrudisha amekonda ni uadui.

Haikupita muda Dokta Samira akafika na kisanduku chake cha barafu. Alikuwa mwanamke mwembamba, Mpare, asiyependa kupoteza neno ambalo lingeweza kutumika kesho. Alimtazama Afisa.

"Huyu mbona amenenepa?"

"Matanga, Daktari. Pilau ilikuwa nyingi."

Daktari alimtazama Idarusi muda uleule aliomtazama mbuzi, akatoa damu za wote watatu, akaenda zake.

Kwa kuwa ukaguzi ulikuwa umepita salama, Idarusi alijiona mtu huru, na mtu huru hufanya manunuzi. Alipata mbuzi wa walima kutoka kwa mtu mmoja mwenye pikapu, mtu wa bei ya kirafiki, aliyekuja na turubai limefunikwa vizuri na akaondoka kabla chai haijachemka. Idarusi hakumwuliza mbuzi wametoka wapi wala kama wana chanjo. Alidhani kuuliza ni kumvunjia mtu heshima. Walikuwa mbuzi wazuri, wenye pembe za kutazamika bandarini. Mmoja alikuwa na mafua kidogo, ambayo Idarusi aliyaita vumbi la njiani. Akawafunga ubavuni mwa banda la Karani na wenzake, ukuta wa fito tu katikati, wasione upweke.

Majibu ya maabara yalikuja kwa simu, yeye akiwa anachagua kofia ya nikahi.

"Karani na Tarishi wako safi," alisema Dokta Samira. "Afisa ana kinga ya sotoka."

"Kinga si ni kitu kizuri, Daktari?"

"Kwa mbuzi mwingine. Huyu hajachanjwa. Akiwa na kinga, maana yake amepigana na ugonjwa, na ugonjwa uko hapo kwako. Kuanzia leo mbuzi hatoki Kwemkole wala haingii."

"Hata wa harusi?"

"Wa harusi wana miguu?"

"Wanayo."

"Basi nao."

Idarusi aliiweka kofia chini. Mbuzi walikuwa wapande meli Jumamosi. Alimpigia Wanu.

"Mwambie Baba asubiri kidogo," alisema.

"Baba amekwisha kupima uwanja," Wanu akajibu. "Amewaambia mpaka wavuvi wa Wete waje watazame. Idarusi, baba yangu akivunjwa uso mbele ya Yussuf, mimi nitazeekea Mabawa nikipinda suruali za watu. Fanya unavyojua."

Alivyojua Idarusi ni kwenda kambini kugombana. Alimkuta Ernesti chini ya trekta, miguu peke yake ikionekana, na mkewe Ruthi akipepeta mchele mlangoni.

"Shemeji, shikamoo ya arobaini nzima!" alisema Ruthi. "Bibi yetu hajambo?"

"Bibi yenu ameniua. Ana sotoka kwenye damu. Mlimlisha wapi? Mlimchanganya na mbuzi wa nani?"

Ruthi aliacha kupepeta, akaumia kweli.

"Sotoka? Kwangu? Shemeji, usinitukane. Yule nilimtunza kama mama mkwe. Hata chanjo alipata."

"Chanjo gani?"

"Ya sotoka hiyo hiyo. Walikuja kuchanja kambini, nikamvika kanga yake vizuri, nikampitisha katikati ya watu: 'Pisheni, pisheni, Bibi anakwenda kliniki!' Kambi nzima ilianguka. Kijana wa sindano alicheka mpaka akaketi. Akamchoma akiwa bado anafuta machozi."

"Hakutazama masikio?"

"Angeyaonaje, na Bibi amejistiri?"

Idarusi akakaa juu ya debe. Damu ya mbuzi ni shahidi mzuri lakini haijui kutofautisha: aliyepigana na ugonjwa na aliyechomwa sindano husema neno lilelile. Afisa hakuugua. Alikuwa amehudumiwa. Kijiji kizima kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ukarimu wa Ruthi.

Miguu chini ya trekta ilikuwa inatikisika kwa kicheko.

"Unacheka nini, shetani wewe?"

"Nacheka mbuzi ana kliniki kunishinda mimi." Ernesti akajiburuta nje, uso una grisi. Alipoona sura ya Idarusi, kicheko kikapungua kidogo kidogo. "Ni ile harusi?"

"Ni ile harusi."

"Basi nenda umwambie daktari."

"Nimwambie nini? Kwamba mtani wangu kaniibia mbuzi matangani? Bibi atageuka kaburini. Na nilikwisha mwambia mbuzi wapo."

Hapo palikuwa pagumu. Kusema ukweli kulikuwa kumshtaki mtani, na mtani hashtakiwi. Kunyamaza kulikuwa kumpoteza Wanu. Idarusi alishika masharubu yake yote mawili na kuwaza, na kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa alikumbuka kwamba utani una njia mbili, ya kwenda na ya kurudi.

"Ernesti, simama."

"Kuna nini?"

"Sikushtaki. Nakuteka. Ruthi, leta kamba na ile kanga."

Ruthi alicheka mpaka akashindwa kuipata kamba.

Hivyo ndivyo wafanyakazi wa ofisi ya mifugo walivyomwona Mzigua mwenye masharubu akiingia uwanjani akimvuta dereva wa trekta aliyefungwa kamba shingoni, kichwani amevaa kanga ya zambarau, na ambaye kila alipopewa salamu alijibu "mee". Mhudumu wa mapokezi alitoka nje kucheka. Mtu aliyeleta kuku wake kutibiwa alimsahau kuku.

Dokta Samira alingoja kelele ziishe.

"Daktari," alisema Idarusi, "nimekuletea mbuzi mwenye makosa. Muulize mwenyewe."

Ernesti akaeleza yote, kuanzia matanga hadi kliniki. Alieleza vizuri, kwa sauti ya Bibi Saumu pale ilipohitajika. Alipomaliza watu walipiga makofi. Daktari hakupiga.

"Kwa hiyo nilipokuuliza kwenye simu uliniongopea."

"Nilisema wapo."

"Idarusi."

"Niliongopa, Daktari."

"Haya. Na wewe, vua kanga ya marehemu. Mimi Mpare, hapa hamna mtani wenu." Akachukua funguo za gari. "Maelezo yenu ni mazuri sana. Lakini sifungui kijiji kwa maelezo. Nawatoa damu tena wale wawili ambao hawakwenda kliniki. Wakiwa safi, Jumamosi mbuzi wako watasafiri."

Njia nzima ya kurudi Idarusi alikaa kiti cha mbele akiwa amenyooka kama mtu aliyekwisha kuoa. Ernesti, nyuma, aliimba nyimbo za harusi kwa Kinyamwezi ambacho yeye mwenyewe hakukielewa.

Tarishi alikuwa mzima. Alimtazama daktari na kujisaidia mbele yake, kama kawaida.

Karani hakuinuka. Alikuwa amelala ubavuni mwa ule ukuta wa fito, matongotongo yamegandisha jicho, makamasi mazito yanatoka puani. Asubuhi, alipokuwa akikimbilia kambini, Idarusi alikuwa amemwona amelala na akadhani anapumzika. Dokta Samira alipiga magoti, akamfungua mdomo na kumulika ndani. Fizi zilikuwa na vidonda vyeupe, kama mtu aliyenyunyiza unga. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akageuza kichwa akatazama kupitia fito.

Mbuzi wa walima nao walimtazama. Yule mwenye vumbi la njiani akakohoa.

"Hawa wametoka wapi?" aliuliza.

Idarusi akamtazama Ernesti. Ernesti, ambaye hajawahi kukosa neno kwenye msiba wa mtu yeyote, alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza, Idarusi. Wametoka wapi?"

"Kwa mtu mwenye pikapu."

"Na yeye kawatoa wapi?"

"Sikumwuliza."

Daktari akasimama, akapangusa magoti. Hakupaza sauti, pengine ingekuwa nafuu kama angepaza. Alieleza tu, kwa maneno machache, kwamba sotoka sasa ipo kweli, na kwamba imepita pale ambapo mlezi mwenyewe aliifungulia mlango. Mbuzi wa kijiji wana chanjo, watapona. Hawa wa harusi hawatakwenda popote, na wengine wao hawataiona wiki ijayo.

"Kama Afisa asingekutwa na ile kinga ya uongo," alisema, "ningekuja tena lini?"

"Baada ya mavuno."

"Na hawa wangekuwa wapi?"

Idarusi alitazama pembe nzuri za kutazamika bandarini. Aliona meli, na uwanja uliopimwa, na wavuvi wa Wete waliokuja kushangaa. Kisha akaona zizi la Mzee Mbarouk, na la Yussuf upande wa pili wa ukuta, na mengine nyuma yao mpaka kwenye mikarafuu.

Jioni alipiga simu Pemba. Alikuwa ametunga habari ya meli kuharibika, habari nzuri, yenye injini na fundi. Mzee Mbarouk alipopokea, habari hiyo ikamponyoka.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mbuzi wanapanda lini?"

"Hawapandi. Ni wagonjwa. Niliwanunua bila kuuliza wametoka wapi. Ningewaleta, ningekuulia mbuzi wako wote, na wa Yussuf."

Idarusi aliitazama simu kuona kama bado inawaka.

"Na wa Yussuf?" akauliza Mzee Mbarouk.

"Na wake, Baba."

"Hebu nambie tena. Weye umenunua mbuzi, umewalipia, wako hapo kwako, kisha wan'pigia mie kun'ambia huwaleti, ni wabovu?"

"Ndiyo, Baba."

"Yule mkwe wa Yussuf," alisema mzee polepole, "aliwashusha bandarini mmoja anachechemea. Hakumwambia mtu." Akakohoa. "Njoo mikono mitupu. Lakini ioshe. Na viatu pia, maana nakujua sasa."

Katika walima wa Wanu paliliwa pweza wa nazi na wali wa mpunga wa huko huko, na waliohudhuria walikula wakasaza. Idarusi alivaa viatu vilivyonuka dawa ya Dokta Samira mpaka Wanu akamwomba avivue nje. Ernesti alikwenda naye kama mtani wa bwana harusi. Aliwatangazia Wapemba wote, akianzia na Yussuf, kwamba mkwe wao ndiye mtu pekee wa bara aliyewahi kufungiwa kijiji na mbuzi aliyekuwa akimlea mwenyewe. Wapemba hawakujua wacheke au wampe pole, wakafanya yote mawili.

Karani alikufa kazini. Tarishi aliugua, akapona, naye damu yake ikawa haina habari mpya tena. Kuhusu Afisa, mbuzi mwenye kinga hawezi kuwa mlinzi, kwa hiyo Dokta Samira alimtoa hereni ya njano na kumstaafisha kwa manufaa ya umma. Walinzi wapya waliletwa. Walipewa mlezi mwingine, mama mmoja wa makamo asiye na mchumba wala masharubu. Siku alipokabidhiwa, daktari alimwuliza swali moja tu kabla ya mengine yote: watani wake ni kina nani, na wanakaa umbali gani.

Afisa alihamia kambini, kwa Ruthi. Siku za Jumapili, akirudi kanisani, Ruthi humvika ile kanga ya zambarau na kumfunga chini ya kidevu. Mbuzi huketi mlangoni akitafuna kushoto, akitafuna kulia. Wazigua wapitao barabarani humwamkia.